Kodi ya Parseli na Bajeti ya Mji wa Uvira: Nani Apange Kiwango?

Mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, Aprili 2020, uliua watu kwa makumi na kubomoa maelfu ya nyumba. Tangu hapo kila msimu wa mvua unarudisha swali lile lile la kibajeti: nani alipie ukingo wa mto? Mto unapita katikati ya mji, lakini kodi ya nyumba zilizo kando yake haipangwi na mji.

Kifungu cha 204 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinaikabidhi kodi ya ardhi na majengo kwa jimbo, pamoja na ile ya mapato ya upangishaji na ya magari. Kifungu cha 3 kinautambua mji kuwa na nafsi ya kisheria na haki ya kusimamia fedha zake. Sheria namba 08/016 ya 2008 nayo inataka bajeti ipitishwe na baraza la mji. Baraza hilo halijawahi kuchaguliwa Uvira: uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 uliishia kwenye komuni za makao makuu ya majimbo. Meya huteuliwa. Kwa hiyo anayepanga kodi hapangi matumizi ya mji, na anayepanga matumizi hakutumwa na mlipaji.

Kiwango chenyewe kina urithi mzito. Sheria ya Februari 1969 ilitoza majengo mengi kwa kima kimoja, kulingana na daraja la mahali na aina ya jengo. Nyumba za kifahari ndizo zilizopimwa kwa mita za mraba. Thamani ya parseli haikuulizwa, wala kama inafikiwa na barabara au na maji ya bomba.

Kuhusu kiwango na ukusanyaji, mji wa Kananga, nao wa Kongo, umetuachia ushahidi bora kuliko nadharia. Huko wenye nyumba za udongo walitakiwa kulipa faranga 3,000 kwa mwaka na wenye nyumba imara 13,200. Kampeni ya kukusanya kodi ya 2016 ilipita nyumba kwa nyumba. Ulipaji, uliokuwa karibu na sifuri, ukafikia takribani mwenye nyumba mmoja kati ya kumi, na wakazi wa mitaa iliyofikiwa wakajitokeza zaidi kuihoji serikali ya jimbo. Mwaka 2018 mashefu wa mitaa walipokabidhiwa ukusanyaji, mapato yalizidi yale ya maofisa wa kodi kwa asilimia 44, kwa sababu shefu anajua nani ana uwezo wa kulipa. Watafiti waliochunguza kampeni hizo walikadiria pia kwamba kupunguza viwango kwa theluthi moja hivi kungeiingizia serikali fedha nyingi zaidi. Anayetaka kupandisha kodi Uvira aanze kwa kulijibu hilo.

Hofu kwamba shefu wa avenyu atawaficha jamaa zake ni ya haki. Basi aonyeshe nyumba na mwenye nyumba, lakini pesa asiguse: malipo yapitie simu au benki, na kitansi kitoke hapo hapo.

Naona utaratibu uanzie kwenye gharama. Mji utaje kwanza bei ya kuzoa mawe na mchanga kwenye Mulongwe na Kalimabenge, kuzibua mitaro na kuondoa taka. Ipunguzwe hapo fedha ya serikali kuu iliyofika kweli mwaka uliopita, si ile asilimia 40 ya mapato ya taifa ambayo kifungu cha 175 cha Katiba kinayaahidi majimbo na ambayo miji husubiri sehemu yake. Kinachobaki ndicho kigawanywe kwa parseli, na bunge la jimbo likubali kwa edikti, yaani sheria ya jimbo, kwamba sehemu kubwa ya kodi hii ibaki mahali ilipotolewa.

Kalenda nayo irekebishwe. Matamko ya kodi hii hutakiwa kabla ya tarehe 1 Februari, ilhali Ziwa Tanganyika hufikia kimo chake cha juu karibu Mei. Daftari la kodi linahesabu nyumba za mitaa ya Kilibula na Kalundu ambazo miezi michache baadaye zimo majini, kama ilivyotokea 2024, na wenye nyumba wanabaki wakidaiwa. Mwezi Juni, maji yakishajulikana yameishia wapi, mashefu wapite na daftari na kufuta parseli zilizozama. Bajeti ya Januari ijengwe juu ya orodha hiyo.