Tengeneza Biti Kwa Brauza: Mwongozo wa Wasanii na Walimu wa Kericho na Bomet

Siku hizi kutengeneza ngoma si lazima ushuke Nairobi na ganji ya kulipa studio kwa saa. Ka uko na laptopu ya shule na data kidogo, kuna programu zinafunguka ndani ya brauza na kuanza hazikuitishi hata bob. Cheki zile zinafaa, venye zinatumika, na venye mwalimu wa Litein ama Sotik anaweza kuzipeleka darasani.

Programu zenyewe

- Chrome Music Lab: Ilitoka 2016. Haitaki akaunti. Ndani yake kuna Song Maker: unabonyeza viboksi kwa skrini, kila kiboksi ni noti. Hata mtoi wa Gredi 4 anaelewa kwa dakika tano.
- BandLab: Hii ni studio kamili. Unarekodi sauti, unaongeza ngoma na besi, halafu msee mwingine anaingia kwa kazi hiyo hiyo akiwa kwao. Kwa simu tumia apu yake. Kuna toleo la shule pia, la bure.
- Soundtrap: Inafanana na BandLab. Spotify waliinunua 2017, wakairudishia waanzilishi wake 2023. Ya bure ina mipaka.
- Flat: Hii ni ya kuandika noti. Inafaa kwaya na wale wanajiandaa kwa Kenya Music Festival.

Usikopi sauti ya kila mtu

Shida ya programu hizi ni moja: vipande vya biti vilivyowekwa humo viko kwa kila mtu, kutoka Lagos hadi London. Ukivitumia hivyo tu, ngoma yako itasound ka ya wengine elfu.

Kipsigis wako na kinubi chao, chepkong', na nyimbo nyingi za zamani zinatembea kwa noti tano. Ukiwa Song Maker, ingia settings, kwa Scale chagua Pentatonic. Sasa huwezi kugonga noti nje ya zile tano. Lakini jua hivi: nyuzi za chepkong' hukazwa kwa sikio, si kwa piano, so haziwezi kulingana kabisa na kompyuta. Ukipata mzee anayepiga, mrekodi yeye mwenyewe, halafu ujenge biti juu yake.

Rekodi asubuhi. Mvua ya Kericho ikianza mchana juu ya mabati, hakuna maiki itakuokoa. Na tumia earphone za waya, za Bluetooth huchelewesha sauti na utaimba nje ya biti.

Darasani na laptopu moja

Gredi 10 ya kwanza iliingia senior school Januari 2026, na moja ya njia tatu ni Arts and Sports Science. Lakini shule nyingi hazina kompyuta ya kila mwanafunzi. Kipindi cha dakika 40 kinaweza kwenda hivi:

1. Darasa lote linapiga makofi mpaka mdundo mmoja ushike.
2. Vikundi vinachora viboksi vyao kwa karatasi, noti tano tu.
3. Kila kikundi kinaingiza mchoro wake kwa Song Maker, wengine wakisikiza.
4. Mwalimu anapakua faili na kuziweka BandLab. Hotspot ya simu inatosha.
5. Kipindi kijacho, wanaimba juu yake.

Andika majina. Yote.

Hapa ndio watu hulala. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi wimbo wa Chemirocha huko Kapkatet. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, likitamkwa Kikipsigis. Rekodi hiyo imejulikana dunia nzima. Kwenye ile maarufu zaidi, ya tatu, limeandikwa jina la Chemutoi Ketienya. Wenzake wakaandikwa tu "wasichana wa Kipsigis". Kanda zikaenda Afrika Kusini, kwa maktaba ya muziki inayoitwa ILAM. Ilichukua zaidi ya miaka 60 ndio ILAM na Ketebul Music ya Nairobi wazirudishe kwa watu wa huku, na wakati huo wengi wa waimbaji walikuwa wameshaenda.

Wewe huna sababu ya kupotea hivyo. Kila ukisevu kazi, andika nani aliimba, nani alipiga, nani alitunga, wapi na lini. Chini ya sheria ya Kenya hakimiliki inaanza pale tu kazi inaporekodiwa, lakini kusajili na KECOBO kunakupa ushahidi ka mtu akikuibia.

Na ka wimbo ni wa kogo ama wa kijiji, omba ruhusa kwanza. Tangu 2016 kuna sheria inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Mkishaelewana, mrudishie mzee nakala kwa simu ya mtu wa kwake. Faili ya dakika tatu inaenda kwa WhatsApp kabla hata chai haijapoa.