Alama 80 za Nani? Upimaji wa Utendaji wa Manusura wa Kiharusi

Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa na Florence Mahoney na Dorothea Barthel huko Maryland, Marekani, mwaka 1965, kingali chombo ambacho wataalamu wengi wa utengamao hukishika kwanza wanapotaka kujua manusura wa kiharusi amefikia wapi. Kina vipengele 10, kuanzia kula, kuoga na kuvaa hadi kuzuia haja, kutembea na kupanda ngazi, na jumla yake ni 100. Hakihitaji mashine wala muda mrefu. Sidai kitupwe. Ninachopinga ni mazoea ya kuandika jumla peke yake kwenye faili.

Chukua wagonjwa wawili wenye alama 80. Wa kwanza huogeshwa, huchanwa nywele na hawezi ngazi. Wa pili anayamudu hayo yote, ila hazuii mkojo wala haja kubwa. Wa kwanza, akiwa na nyumba isiyo na ghorofa, anahitaji msaidizi asubuhi na jioni. Wa pili anahitaji mtu usiku na mchana, na aghalabu huacha kwenda msikitini, kanisani na harusini.

Tatizo huzidi tunapofika kwenye mikono. Aliyepooza upande wa kulia akajifunza kushika kijiko kwa kushoto hupata alama zote 10 za kula. Lakini katika nyumba nyingi za pwani yetu chakula ni sinia moja, watu hula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ndio wa kujisafishia chooni. Mzee huyu atatengewa sahani yake pembeni, au atajitenga mwenyewe kwa haya, na kipimo kitaendelea kusema amefaulu. Aliyepooza kushoto ana shida iliyogeuka: anakula vizuri na wenzake, ila kutawadha kunamtatiza. Na choo chenyewe? Wodini huenda alipimwa kwenye choo cha kukalia; kwake kuna cha kuchuchumaa, kinachodai goti na kiuno ambavyo mtihani haukuvigusa.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa utendaji na ulemavu, lilitenganisha kile mtu anachoweza katika mazingira ya kupimiwa na kile anachofanya hasa katika maisha yake. Kwetu pengo hilo mara nyingi huletwa na mapenzi. Mama anayeweza kujivisha gauni huvishwa na binti zake, kwa kuwa kumwacha mgonjwa ahangaike na vifungo huonekana ukatili. Mpimaji asiyefika nyumbani, au asiyewauliza binti hao, hatalijua.

Hata alama 100 zina mpaka wake. Mahoney na Barthel wenyewe walionya kuwa mwenye alama zote huenda asiweze kupika, kutunza nyumba wala kukutana na watu. Usemi haumo kabisa: muuza duka aliyepotewa na maneno anaweza kupata 100 na duka likafungwa.

Kwa hiyo kila kipengele kiandikwe kwa alama yake, mkono uliopooza utajwe, aina ya choo cha nyumbani iulizwe, na upimaji urudiwe mgonjwa akiwa kwake. Barua ya kuruhusiwa yenye maneno “Barthel 80” peke yake haimsaidii mhudumu wa zahanati atakayempokea.