Mwelekeo wa Tabianchi

Katika istilahi ambazo elimu ya anga imeikabidhi lugha yetu, aghalabu huchanganywa mbili: hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni jua la leo na mvua ya kesho; ama tabianchi, neno lililoungwa kwa tabia, lenye asili ya Kiarabu, na nchi, lililo la Kibantu, ni mazoea ya mbingu juu ya ardhi fulani, na tabia ya nchi, kama ya mtu, haijulikani kwa siku moja. Ndiyo sababu wataalamu wa mataifa, walipokutana Warsaw mwaka 1935, walipendekeza wastani ukadiriwe kwa miaka 30, kuanzia 1901 hadi 1930. Na kipimo cha muda huo kingali kikitumika.

Wastani huo unapogeuka kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, kwa upande mmoja, hapo twasema pana mwelekeo wa tabianchi. Wako waandishi wapendao mwenendo, nalo ni neno fasaha. Lakini mwenendo waweza kuwa wa kupanda na kushuka pasipo kufika popote, hali mwelekeo, kwa kuwa watokana na kuelekea, hauna budi kuwa na upande uendako.

Tofauti hii ni dhahiri Ukambani, nchini Kenya, ambako mahindi, kunde na mbaazi hutegemea mvua mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo ya kutumainiwa zaidi. Vuli ya 1961 ilizidi kiasi katika Afrika ya Mashariki hata Ziwa Victoria likapanda, wala huo haukuwa mwelekeo, bali tukio la msimu. Masika, kinyume chake, yalipungua katika sehemu kubwa ya eneo hilo tangu miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa karne hii, kisha yakaja masika mazito ya 2018. Ama joto, hilo laendelea kupanda.

Mkulima aliyeghurika kwa msimu mmoja wa neema akapanda mbegu ichelewayo kukomaa hupata hasara, na mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa karibu na Machakos, yalichaguliwa yakomae upesi kwa kuzingatia tabia ya mvua, si bahati yake. Basi kila atamkaye mwelekeo wa tabianchi, awe mwalimu, mtangazaji au bwana shamba, na abainishe umepimwa tangu mwaka gani hata mwaka gani, na kwa mvua ipi. Maana neno lisilotajiwa miaka halimfai mkulima kuchagua mbegu.