Pomboo mdogo wa Ulaya: kelele za meli zinamnyima chakula

Katika bahari ya kaskazini ya Ulaya, pande za Danemark, Ujerumani na Uholanzi, kunaishi pomboo mdogo ambaye Wafaransa wanamwita marsouin. Urefu wake haufiki mita 2, uzito ni kilo 50 mpaka 70. Si samaki: anapumua hewa na ananyonyesha mtoto wake. Hapa kwetu, ndani ya ziwa Kivu ao Tanganyika, hayuko.

Usiku, ao maji yakichafuka, macho hayamsaidii kitu. Basi anatoa milio mifupi ya haraka, kisha anasikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki. Ndivyo anajua samaki yuko wapi. Sisi watu hatuwezi kusikia milio hiyo. Sikio letu linaishia kwenye sauti inayotikisika karibu mara 20.000 kwa sekunde, na milio yake inafika karibu 130.000. Tena, kumbe hasikii kupitia tundu la sikio, ambalo ni dogo sana. Sauti inapita kwenye mafuta yaliyo ndani ya taya ya chini, ndipo inafika kwenye sikio la ndani.

Huyu pomboo hana akiba kubwa. Mwili ni mdogo, maji ni ya baridi, joto linamtoka haraka. Mwaka 2016, watafiti waliobandika vinasa-sauti kwenye migongo ya pomboo kule Danemark walionyesha kwamba mmoja anaweza kuwinda mpaka samaki wadogo 550 kwa saa moja, na wengi wao hawamponyoki. Anakula mchana na usiku. Kumpotezea saa chache si mchezo.

Ndani ya maji sauti inakimbia karibu mita 1.500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne kuliko hewani. Meli ya mwendo mkali ikipita karibu, pomboo anaacha kuwinda, anazama chini, na mara nyingine ananyamaza kabisa. Kwake yeye, kunyamaza ni kama kufumba macho.

Kuna kelele mbaya kupita ile ya meli. Ili kusimamisha mitambo ya upepo inayotoa umeme, nguzo kubwa za chuma zinapigiliwa kwa nyundo kwenye sakafu ya bahari, mapigo maelfu. Umeme huo hautoi moshi, ni kweli, lakini wakati wa kujenga, pomboo wameonekana wakikimbia mpaka kilometa 20. Ndiyo sababu Ujerumani iliweka kipimo: kwa umbali wa mita 750, kelele ya pigo moja isipite desibeli 160 (desibeli za majini, si sawa na za hewani). Wajenzi wanalaza bomba lenye matundu kuzunguka nguzo, wanasukuma hewa ndani, na mapovu yanapanda kama ukuta unaopunguza sauti. Bei ni kali, lakini inasaidia.

Mwezi wa nane 2019, meli za kijeshi za NATO zililipua mabomu 42 ya Waingereza, yaliyobaki tangu Vita ya Pili ya Dunia, katika eneo linalolindwa la Fehmarnbelt. Ukuta wa mapovu haukuwekwa. Miezi iliyofuata, pomboo waliokufa waliokotwa ufukweni. Kati ya 24 waliopimwa, 10 walikuwa na majeraha ya mlipuko: mifupa midogo ya sikio imeteguka, damu imevuja ndani ya mafuta ya taya.