Herufi A na Kidole cha Mwisho

Mashine ya taipu ilifika katika nchi zetu ikiwa imekwisha kupangiwa herufi na watu wengine kwa lugha nyingine. Mpango wa safu ianziayo na Q, W, E, R, T na Y uliingia sokoni Marekani mwaka 1874, kwa mashine ya Sholes na Glidden. Mwaka 1912 ikatoka Corona 3, iliyokunjika na kuchukulika mkononi, yenye uzito upatao kilo 3. Ili kuipunguza, waundaji waliiondolea safu nzima ya tarakimu, kila kitufe kikabeba alama tatu. Vijana wetu wanunuao leo vibao vidogo vya vitufe vya kutia mkobani, ambavyo tarakimu zake hupatikana kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, warudia hesabu ile ile. Hesabu hiyo ilihusu uzito wa mashine; mkono wa mwandishi wa Kiswahili haukuwamo.

Natuyatazame majina ya wilaya zetu mbili za Kusini. Ruangwa lina herufi saba, A mbili, nalo lamalizikia kwa “wa”: kidole cha pete cha kushoto, kisha kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Nachingwea nalo lamalizikia kidole hicho. Na “wa” hii haikomei katika majina ya miji. Ndiyo ngeli ya watu, ndiyo kauli ya kutendwa. Andika “wakawatazama”: herufi 12, A sita, na Z chini ya kidole kile kile. Mapigo saba yaangukia kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, hali Q na X, tusizozihitaji, zina vitufe vyao.

Zama za mradi wa karanga, 1947 hadi 1951, Nachingwea ilijengewa reli, na shughuli za mradi ziliendeshwa kwa Kiingereza. Mwaka 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake. Lugha ya makarani ikabadilika, vitufe vikabaki.

August Dvorak, aliyepata hataza ya mpango wake mwaka 1936, alihamisha karibu herufi zote, lakini A na M aliziacha zilipokuwa. Ng'ambo ya Ruvuma Wareno waliamuru mwaka 1937 mpango wao, HCESAR. Humo A imo safu ya juu, yafikiwa na kidole cha shahada. Wapiganaji wa FRELIMO waliopiga kambi Nachingwea kuanzia 1965 walitoka katika nchi ya mpango huo. Na ajabu ya mambo, kwa herufi hii moja amri ya Salazar ingalimfaa karani wa Kiswahili kuliko mashine ya Mwingereza!

Vingi vya vibao vidogo vya leo humruhusu mwenyewe kuhamisha herufi apendavyo. Wanafunzi wetu wa isimu wanazo matini za kutosha za kuhesabia. A yaweza kuwekwa chini ya kidole cha shahada, na Q ikaachiwa kidole cha mwisho.