Kaburi na Kisasi katika Titus Andronicus

Neno kisasi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake hubeba wazo la ulinganifu: malipo yasizidi kosa. Titus Andronicus, tanzia ya Shakespeare iliyopigwa chapa London mwaka 1594, huonyesha jinsi ulinganifu huo unavyovunjika, na kipimo chake ni kaburi.

Tamthilia hufunguka kwa maziko. Titus anarejea Roma baada ya miaka 10 ya vita dhidi ya Wagothi. Kati ya watoto wake wa kiume 25 amebakiwa na wanne. Kaburi la ukoo linapofunguliwa, Lucius anadai mateka atolewe kafara ili roho za nduguze zitulie. Tamora, malkia wa Wagothi, anapiga magoti kumwombea mwanawe Alarbus, haambulii kitu. Alarbus anakatwa viungo na kuteketezwa. Hapo ndipo kisasi kinapozaliwa: maziko ya upande mmoja yamekuwa mauaji ya upande wa pili.

Muda si mrefu Titus anamuua Mutius, mwanawe mwenyewe, kwa kumkaidi, na anakataa kumzika humo mpaka jamaa zake wanapopiga magoti. Magoti yaliyoshindwa kumwokoa mgeni aliye hai yanafaulu kumpatia kaburi mfu wa nyumbani.

Katika tendo la pili, shimo la msituni linachukua nafasi ya kaburi. Maiti ya Bassianus inatupwa humo. Kisha Martius na Quintus wanatumbukia na kusingiziwa mauaji. Kiswahili hutenganisha kuzika na kufukia: mtu huzikwa kwa ibada, kitu hufukiwa tu. Tofauti hiyo inaeleza vyema hatima ya tanzia hii.

Mwishoni Lucius, kaizari mpya, anagawa maziko kama hukumu. Titus na Lavinia wanalazwa katika kaburi la ukoo. Saturninus katika kaburi la babaye. Aaron, mtu mweusi aliyekuwa mpenzi wa Tamora, anafukiwa hadi kifuani ili afe kwa njaa, na maiti ya Tamora inaachiwa wanyama na ndege. Aliye hai anafukiwa, aliyekufa hazikwi.

Hata hivyo, Lucius ameapa kumlea mtoto wa wawili hao. Mtoto huyo hatakuwa na kaburi la mama la kuzuru. Ikiwa kisasi cha kwanza kilitokana na maziko yaliyodai damu, maziko yaliyonyimwa yanaweza kuzaa cha pili.