Trakaseri

Katika barabara ya Beni kwenda Kasindi, mashariki mwa Kongo, motari (dereva wa pikipiki) akiona kamba imekatiza njia hupunguza mwendo na kupapasa mfuko. Hata karatasi zake zikiwa kamili, mara nyingi ni noti inayoilegeza kamba. Beni na Butembo hali hiyo huitwa trakaseri. "Banatutrakase," husema wauza makaa.

Asili ya neno hilo ni kitenzi cha Kifaransa tracasser, kilichotokana na traquer, neno la wawindaji wanaofurusha wanyama. Ufaransa ya leo hukitumia zaidi kwa wasiwasi unaomkera mtu moyoni; Kongo ukali wake umebaki. Waingereza wana hector, kitenzi kilichotokana na shujaa wa Troya: kumfokea mtu ili aogope. Lakini anayetrakase aweza kusema kwa upole kabisa.

Kwa Kiswahili, kunyanyasa na kuonea ni maneno mapana. Hata mume huonea. Neno trakaseri humlenga mwenye bunduki au muhuri. Tangu Mei 2021, Kivu Kaskazini ilipowekwa chini ya watawala wa kijeshi, sosiete sivile (asasi za kiraia) imelitumia mara nyingi kulalamikia vizuizi vya barabarani. Mtangazaji akilitafsiri kuwa "usumbufu", unyang'anyi hugeuka kero ndogo. Bora aliache lilivyo.